Stendi ya Mkulo ya Mzee Hoza

Kama ningepewa nafasi ya kukataa jambo moja tu katika miaka yangu yote ya kupiga picha, nisingechagua zile harusi za Shume zilizonyeshewa mvua tangu kanisani hadi ukumbini, wala yule bwana harusi aliyetaka apigwe amesimama juu ya trekta. Ningekataa kubadilishana stendi ya kamera na Ramadhani wa Muheza. Alinishawishi mchana kweupe tukinywa chai, na mimi nikakubali kabla chai haijapoa.

Nalikumbuka hili kwa sababu ya Zawadi, binti anayeiendesha studio baada yangu. Aliniuliza juzi, akiwa na haraka, mguu mmoja ndani na mwingine nje: "Babu Yohana, ninunue stendi gani ya kamera? Nataka imara, lakini isiniue mgongo kwenye vilima." Nikamwambia swali hilo halijibiwi mlangoni. Basi naliandikia majibu, kwa ajili yake na wenzake wanaopanda na kushuka milima hii wakiwa na mabegi ya kamera. Anayetafuta habari za kupanda vyeo, mimi sina. Studio yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, Mzee Hoza aliyenifundisha, na mimi.

Nilifika kwa Mzee Hoza nikiwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyomfurahisha mtu yeyote. Mama ndiye aliyenipeleka. Studio ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Lushoto, na kwenye ukuta wa nyuma palichorwa maporomoko ya maji na ndege, ila ndege alikuwa mkubwa kuliko maporomoko. Mama akasalimia kwa Kishambaa, "Onga makeo." Mimi nikasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba bila kuinua uso, kwa sababu alikuwa anakaza nati.

"Huyu anajua nini?" akamuuliza mama.

"Anajua hesabu."

"Hesabu ninayo ya kutosha. Anaweza kubeba?"

Kitu cha kubeba kilikuwa stendi yake, ile ya miguu mitatu ya kuwekea kamera. Seremala wa Shume aliichonga kwa mti wa mkulo, na fundi wa gereji akaitengenezea kichwa cha chuma kutokana na kipande cha gari bovu. Kichwa ndicho kinachoishika kamera juu ya miguu, kikaiinamisha na kuigeuza unapotaka. Kile cha Mzee kilikazwa kwa nati kubwa yenye masikio mawili, na ukishaikaza, hata ukining'inia wewe mwenyewe hakisogei. Uzito wake sikuupima. Bega langu la kulia liliupima, na hadi leo limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Fundi nguo wangu analijua hilo.

Kamera sikuruhusiwa kuigusa kwa muda mrefu. Nilipopewa stendi niisimamishe kwenye mteremko wa nyuma ya studio, Mzee hakuweka kamera juu yake. Aliweka sufuria ya maji, imejaa hadi ukingoni.

"Yakimwagika, unarudi mtoni," akasema.

Nilirudi mtoni mara nyingi. Wanawake waliokuwa wakifua walinizoea wakaanza kunitania kwamba Mzee Hoza amefungua mgahawa. Lakini hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kwa watu wa tambarare halina maana sana, ila huku kwetu ndiyo kazi yenyewe: kwenye mteremko, miguu miwili ielekee bondeni na mmoja mlimani. Ukifanya kinyume, upepo kidogo tu na kamera inatangulia kwenda Mombo, kule chini ya milima. Nilijifunza pia kukanyaga kila mguu hadi uingie kwenye udongo, na kulisawazisha bamba la juu, pale kichwa kinapokaa, kwa miguu yenyewe, maana kuifinyafinya kamera ili ufiche kwamba miguu imekaa vibaya hakusaidii.

Kazi iliyotulisha zaidi haikuwa harusi wala kipaimara. Ilikuwa misiba. Mnajua desturi yetu: jeneza likitoka nyumbani, mbele yake mjukuu anabeba picha ya marehemu iliyotiwa fremu, na baada ya maziko picha hiyo inapanda ukutani sebuleni na haishuki tena. Watu walikuja studio macho mekundu, wakiwa na kitambulisho mkononi, wakiomba kile kipicha kidogo kikuzwe. Mzee alikikuza, lakini roho ilimuuma.

"Mtu wa kwenye kitambulisho anaonekana kama anasubiri kuhukumiwa," alikuwa akisema. "Huyu mama nilimjua. Alikuwa mcheshi. Sasa wajukuu watakaa chini ya uso huu miaka yote."

Ndiyo maana alipokutana na mzee yeyote mzima wa afya, sokoni au kanisani, alimkokota studio akapigwe picha ya maana. Wengine walimkasirikia, wakadhani anawatakia kifo. Baadaye watoto wao walikuja kumshukuru. Yeye mwenyewe hakupigwa. Kila nilipomwambia akae, alisema fundi nguo huvaa viraka, akatafuta kitu cha kukaza.

Siku niliyojua kwamba stendi ile ni mwenzangu ilikuwa Shume, kwenye mkutano wa ukoo wa Bibi Mwanaidi. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye miti ya msitu wa serikali hadi uani, mwanga hafifu, na filamu yetu ilihitaji kamera itulie ili ipate chochote. Mkononi isingewezekana. Upepo nao ulikuwa unavuma. Mzee hakuwa nami siku hiyo. Nikaangalia huku na huku, nikaona gunia dogo la viazi, nikalifunga chini ya stendi, karibu kabisa na ardhi ili lisibembee.

Bibi akaniona. "We kijana, hivyo viazi vyangu navyo vinapigwa picha?"

"Vinashikilia kamera, Bibi. Shikamoo tena."

"Marahaba. Vishikilie, lakini nikitoka kwenye hiki kiti navikagua kimoja kimoja."

Ukoo mzima ukacheka, nikabonyeza. Picha hiyo ilitoka na kila nywele ya Bibi mahali pake. Naamini bado iko ukutani kwao. Niliporudi na kumwambia Mzee, hakunisifu. Aliuliza kama viazi nilivirudisha.

Miaka ikapita hivyo. Macho ya Mzee yalipoanza kuchoka, aliniachia studio. Hakukuwa na sherehe. Alinikabidhi funguo, kisha akaiegemeza stendi ukutani karibu nami. "Miguu yangu imekwisha," akasema. "Chukua hii."

Nami niliichukua, nikaibeba, hadi nilipofika umri wa kuanza kuhesabu vilima kabla ya kukubali kazi. Hapo ndipo Ramadhani alipoingia.

Ramadhani alikuwa mpiga picha wa Muheza, rafiki yangu tangu ujana, Mbondei mwenye maneno mengi na moyo mwema. Nilipopata kazi za upande wa Zirai nililala kwake, na mkewe alinipikia kana kwamba sijala tangu safari iliyopita. Mchana ule nilifika kwake nimeloa jasho, stendi begani.

"Bwana Yohana, wewe unakwenda kupiga picha au kupaua nyumba?" akaniuliza.

"Cheka tu. Hii ikikaa, imekaa."

"Na wewe ukikaa, hutainuka." Akaingia ndani akatoka na stendi inayong'aa, nyepesi kama mwavuli, miguu inayoingia ndani yake yenyewe vipande vingi, na juu kichwa cha gololi. Hicho ni kichwa chenye mpira mdogo wa chuma ndani ya kikombe. Unalegeza kitasa kimoja, kamera inageuka upande wowote, unakaza. "Shika. Shika, usiogope, haiumi."

Niliishika. Nikaona raha.

"Kuna mwenye nyumba ya wageni Tanga anatafuta vitu vya zamani aweke mapokezi," akaendelea. "Hiyo miti yako ataipenda. Wewe chukua hii, mimi nimpelekee hiyo. Mgongo wako utanishukuru."

Sikuuliza kichwa kile kinabeba uzito gani. Sikuweka kamera yangu juu yake, na ilikuwa ndani ya begi, karibu na mguu wangu. Niliona aibu kumpima rafiki aliyenikaribisha chai, na kwa kweli nilikuwa nimechoka. Ramadhani hakunidanganya. Kamera zake zilikuwa ndogo, kwake stendi ile ilifanya kazi. Aliyepaswa kujua kwamba kamera yangu, na lenzi yake, na flashi juu yake, ni nzito mara kadhaa, nilikuwa mimi.

Mzee Hoza alipopita studio akaona stendi mpya, aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Ile yangu iko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Alinyoosha mkono akachukua kamera yangu. Kisha akafunga kamera juu ya kile kichwa, akakaza kitasa hadi mwisho, akaweka kiganja juu ya lenzi, akakandamiza taratibu. Akaondoa mkono, akasubiri. Lenzi ikainama, polepole sana.

"Hiki kinasinzia," akasema.

"Nitakikaza zaidi, Mzee."

"Mtu akisinzia humkazi. Unampeleka akalale."

Nilicheka. Nilidhani anaitetea miti yake.

Mwaka huo Mzee aliugua, akapona, na watoto wake wakaandaa shukrani. Walitoka Tanga na Dar es Salaam, wakakusanyika nyumbani kwake upande wa Magamba baada ya ibada ya Jumapili. Aliponiona na begi langu, alinyoosha fimbo. "Leo nakaa mimi," akasema. "Nataka moja kubwa, niko katikati. Hiyo ndiyo mtakayonibebea mbele."

"Baba! Leo tunashukuru, wewe unasema hayo!" binti yake mkubwa, Naomi, akamkemea.

"Nami nashukuru. Nashukuru nikiwa na koti safi. Mnataka mnibebe na kitambulisho?"

Hapo kila mtu aliyekuwa pale alijua picha ile ni ya nini. Nilijua kuliko wote.

Nilisimamisha stendi mteremkoni, miguu miwili bondeni, mmoja mlimani, kama nilivyofundishwa. Uani kwake ni pa mteremko, kwa hiyo ili nipate kimo ilibidi niinue ile nguzo ya katikati hadi juu kabisa, na kamera ikawa inatikisika kama ua kwenye upepo. Nikapanga watu. Nikaangalia: Mzee katikati, uso wake umekaa vizuri, juu yake nafasi ya kutosha. Nikakaza kitasa. Nilipotaka kubonyeza, akanizuia.

"Wewe unabaki huko kwa nini?"

"Napiga, Mzee."

"Kamera haina kile kitu cha kujipiga yenyewe? Njoo hapa. Wewe si mtu wa kukodiwa kwangu."

Sijapata kupewa heshima kubwa kuliko hiyo, na naisema bila kutafuta maneno. Nikaweka taima, nikakimbia, nikasimama nyuma ya kiti chake. Nikiwa nahema, Mzee akasema bila kugeuka, "Angalieni, bega lake la kulia limeshuka. Stendi yangu hiyo." Naomi akaangua kicheko, kisha wote, na Mzee mwenyewe akacheka hadi akajipiga goti. Kamera ikalia.

"Kaangalie tena, upige ya pili," Mzee akasema. Ilikuwa kanuni yake: baada ya picha ya kundi, unarudi kuchungulia kwenye kamera, unapiga nyingine.

Ukungu ulikuwa unaingia uani, na yeye alikuwa ametoka kwenye ugonjwa. "Imetosha, Mzee, usipate baridi," nikamwambia. Nikafungua kamera bila kuchungulia.

Filamu ilisafishwa Tanga. Nilipoipata bahasha niliifungua nimesimama stendi ya mabasi. Kichwa cha gololi kilisinzia katika zile sekunde nilizokuwa nakimbia. Kiliinama kidogo tu, kiasi cha kiganja. Picha ilikuwa safi, rangi nzuri, nyasi za uani zimejaa chini, na waliokaa kwenye viti wote wameishia shingoni, waliosimama kiunoni. Waliotoka nyuso ni wajukuu waliokaa chini.

Nilikwenda kumwambia siku hiyo hiyo. Alikuwa amerudi kitandani. Nikampa picha, akaisogeza dirishani.

"Kilisinzia," nikasema.

"Nilikwambia." Akaitazama kwa muda. "Lakini nguo zimetoka vizuri." Akacheka, kikohozi kikamkatisha. Nilikuwa nimekuja na kamera, naye aliiona. Akatikisa kichwa. Hata yeye hakupata kumpiga mgonjwa kitandani, na sikumlazimisha avunje kanuni yake kwa ajili ya kosa langu. "Nikiinuka, tutarudia," akasema. "Utafute stendi kwanza."

Nilikwenda kuitafuta. Haya ndiyo majibu yako, Zawadi. Nilikwenda Dar es Salaam na kamera yangu, lenzi nzito kuliko zote, na flashi juu yake. Nenda dukani na vitu vyako, usinunue kwa kutazama. Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu, ananiita mzee wangu. Kila stendi aliyonipa niliifunga kamera, nikakaza, nikakandamiza kwa kiganja, nikaachia, nikasubiri.

"Mzee wangu, unaibariki?" akauliza.

"Nasubiri isinzie."

Ya kwanza ilisinzia, ya pili vilevile. Nikaomba chupa kubwa ya maji, nikaining'iniza kwenye lenzi. Akamwita mwenzake aje aone. Ile iliyokataa kuinama ndiyo niliyoichukua: miguu ya alumini, kila mguu vipande vitatu, si vile vingi vyembamba, kwa sababu kile cha chini kikiwa chembamba kama penseli, huko ndiko mtikisiko unakoanzia. Ifike kwenye macho yako bila kuinua nguzo ya katikati. Nguzo hiyo ihesabu kama haipo. Vifungio vya miguu nilichagua vya klipu, kwa sababu matope yetu mekundu yakiingia kwenye vya kusokota utavifungua kwa meno. Wenye uwezo wananunua miguu ya kaboni, ni myepesi na imara, siipingi. Lakini usipunguze uzito kwenye kichwa. Kama unatafuta nafuu, itafute kwenye miguu. Na iwe nzito kiasi cha kuilalamikia njiani, si kiasi cha kuiacha nyumbani, maana stendi iliyobaki nyumbani haijasaidia picha yoyote.

Nilirudi Lushoto nayo msimu wa baridi. Mzee Hoza alikuwa amefariki siku niliyokuwa njiani. Nilisikia nikiwa bado sijashusha begi.

Naomi alikuja studio asubuhi, baada ya usiku wa kwanza wa matanga, macho mekundu kama wale wote waliopata kuja. Aliweka mkononi mwangu kitambulisho cha kupigia kura. Hakusema neno la lawama, wala ndugu zake hawajalisema hadi leo, na kwa hilo nawashukuru. Nilikikuza mimi mwenyewe. Nilifanya kila nilichojua, na bado alionekana kama anasubiri kuhukumiwa.

Ramadhani alikuja mazikoni. Alipojua habari nzima alikwenda moja kwa moja Tanga kuidai stendi. Aliikuta mapokezi, imekatwa miguu iwe fupi, imewekewa balbu na kofia ya taa. Lakini taa haihitaji kichwa cha chuma. Walikuwa wamekitupa stoo, na Ramadhani akanirudishia kimefungwa kwenye khanga ya mkewe. Fundi wa Muheza alikitobolea tundu kikaingia kwenye miguu yangu ya alumini. Nilikitumia hadi nilipostaafu. Hakijapata kusinzia. Zawadi, kiko kwenye kabati la chini, upande wa kushoto, na ni chako. Nati ya masikio ipake mafuta kila mvua zikianza.

Nimepata mengi katika kazi hii: mwalimu, rafiki, nyuso za watu wangu zilizojaa kwenye sebule nisizozihesabu. Ile picha ya shukrani ninayo nyumbani. Inaonyesha koti la Mzee, vifungo vimevutika kwa kicheko, mkono wake umeinuka kutoka gotini, na mkono wangu begani kwake. Wajukuu wake waliozaliwa baadaye huniuliza babu yao alikuwa anachekaje, kwa sababu ukutani kwao hacheki. Mimi niliyempiga picha karibu kila mtu wa Lushoto, najaribu kuwaeleza kwa maneno, na siwezi.